Kabla hujashangilia China au Marekani, soma kwanza tokeni yako ya stima

Hebu fungua simu yako kidogo. Tafuta ujumbe wa mwisho uliotumiwa uliponunua tokeni za stima. Angalia ulilipa ngapi, kisha uangalie ni pesa ngapi zilizonunua umeme wenyewe na ni ngapi zilizomezwa na yale makato mengine. Ukiitisha mchanganuo wa hayo makato utakuta ada ya mafuta, VAT ya asilimia 16, pesa za kusambaza umeme mashambani, na mstari mmoja ambao wengi wetu huupita tu bila kuuliza: ada ya ubadilishaji wa fedha za kigeni.

Huo mstari ndio nataka tuongee juu yake leo.

Maana yake ni rahisi. Mitambo mingi inayotuzalishia umeme ilijengwa kwa mikopo ya nje, na kampuni za kibinafsi zinazouzia Kenya Power umeme hulipwa kwa dola au euro. Shilingi ikiteleza, tofauti hiyo haibebwi na aliyekopesha wala aliyewekeza. Inashushwa polepole hadi kwa kinyozi wa mtaa wako, kwa fundi wa kuchomelea vyuma, kwa mama anayeuza samaki na friji yake moja. Unakumbuka Januari 2024 dola ilipokaribia Sh160? Labda hujawahi kushika dola maishani mwako, lakini siku hizo ulikuwa ukiilipia kila ulipochaji simu.

Ndiyo maana nikiwasikia wasee kwenye kibanda cha chai wakibishana kama rafiki wa kweli wa Afrika ni China au Marekani, huwa nachoka kabisa. Wanabishana kama mashabiki wa Arsenal na Man U. Huyu anasema Wachina angalau wanajenga, yule anasema Wamarekani angalau hawatunyang'anyi bandari. Sawa. Lakini timu yako ya Uingereza ikichapwa unalala na hasira tu, asubuhi inapita. Huu mchezo mwingine unaulipia kiingilio kila siku, na hakuna aliyekuuliza kama ulitaka kuingia uwanjani.

Msimamo wangu ni huu: mataifa makubwa kung'ang'ania kutuuzia umeme si jambo baya. Wateja wengi sokoni ni nafuu ya muuzaji, na wauzaji wengi ni nafuu ya mnunuzi. Shida ni kwamba sisi tunanunua usiku, taa zikiwa zimezimwa, halafu asubuhi kijana anaambiwa alipe.

Nani yuko ndani ya waya wako?

Ukiwasha taa jioni ya leo, umeme unaoingia ndani ya nyumba yako umepitia mikono ya nusu ya dunia. Sitanii.

Takriban asilimia 40 ya umeme wetu unatokana na mvuke wa ardhini, mwingi wake Olkaria, karibu na Naivasha. Mtambo wa kwanza ulianza kazi hapo mwaka 1981, na Benki ya Dunia ilikuwa kati ya waliotoa pesa. Wajapani waliingia baadaye kwa mikopo na mitambo yao. Olkaria V iliyokamilika 2019 ilijengwa kwa mkopo wa Japan. Olkaria III inaendeshwa na Ormat, kampuni ya Marekani.

Garissa kuna shamba la sola la zaidi ya megawati 50 lililozinduliwa Desemba 2019. Hilo lilijengwa na Wachina kwa mkopo wa benki ya Exim ya China. Kule Loiyangalani, Marsabit, kuna mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310, na hiyo ilikuwa ya Wazungu wa Ulaya kwa sehemu kubwa. Tangu 2022 tunanunua pia megawati 200 kutoka Ethiopia kwa mkataba wa miaka 25, kupitia laini yenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,000 inayofika Suswa.

Mafuta nayo? Tangu 2023, petroli na dizeli zinaletwa chini ya mkataba wa serikali kwa serikali na kampuni za Ghuba: Saudi Aramco ya Saudi Arabia, pamoja na ADNOC na ENOC za Milki za Kiarabu. Dola zilikuwa zimeadimika, nao wakatupa mkopo wa siku 180. Yaani hata matatu unayopanda kwenda kazini inakunywa deni.

Na bado foleni haijaisha. Mei 2024, Rais William Ruto alipokuwa Washington, Microsoft na G42 ya Abu Dhabi zilitangaza mpango wa dola bilioni 1 ukiwa na kituo cha data kitakachotumia mvuke wa Olkaria. Kuhusu nyuklia, Kenya imeshatia saini za maelewano na China, Urusi na Korea Kusini, na Agosti 2024 Nairobi ikawa mwenyeji wa mkutano wa Marekani na Afrika kuhusu nishati hiyo hiyo. Kila mmoja anabisha hodi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Swali langu ni kama huyu mwenyeji anapona kweli, au anapika tu na kuosha vyombo.

Lamu: mahasimu waliokula sahani moja

Wale wanaodhani China na Marekani ni paka na panya kila mahali, twende Lamu.

Mpango ulikuwa kujenga kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050 karibu na mji ambao UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Mwenye mradi alikuwa Amu Power, kampuni ya wawekezaji wa hapa nyumbani. Pesa nyingi zilitarajiwa kutoka benki ya ICBC ya China, na wajenzi wangekuwa Wachina. Ukishafika hapo unasema aah, basi Wamarekani walipinga.

Hapana. Mwaka 2018 General Electric ya Marekani ilitangaza kuingia kwenye mradi huo huo kwa hisa na teknolojia. Mwaka uliofuata, balozi wa Marekani wakati huo, Kyle McCarter, alijitokeza mtandaoni akiyatetea makaa ya mawe hadharani. Mchina na Mmarekani walikuwa wameketi meza moja, wanakula sahani moja, na sahani yenyewe ilikuwa Lamu.

Walioukwamisha mradi hawakutoka Beijing wala Washington. Ni wavuvi, akina mama na vijana wa Lamu walioenda kwa mahakama ya masuala ya mazingira. Juni 26, 2019, mahakama hiyo ilifuta leseni ya mradi, ikisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Baada ya hapo Benki ya Maendeleo ya Afrika ikajitoa, na mwaka 2020 ICBC nayo ikaondoka. Mwaka 2021 Rais Xi Jinping alitangaza kwenye Umoja wa Mataifa kwamba China haitajenga tena viwanda vipya vya makaa ya mawe nje ya nchi yake. Watu wa Lamu walikuwa wamemtangulia kwa miaka miwili.

Sasa fikiria kama wangenyamaza. Mikataba ya aina ile huwa na malipo ya uwezo wa mtambo: unalipa kwa sababu mtambo upo, uwe umeutumia au hukuutumia. Ni kama kulipa kodi ya nyumba ya pili ambayo hulali ndani, na mkataba wenyewe ni wa miaka 25. Mwaka 2025 mahitaji yetu ya juu kabisa ya umeme yalizidi megawati 2,300. Mtambo mmoja wa megawati 1,050 ungekuwa karibu nusu ya hiyo, na ada yake ingekuwa kwa ule ujumbe wa tokeni uliousoma sasa hivi.

Upepo wa Turkana una bei

Nisije nikaonekana naipiga China na Marekani nikawaacha Wazungu wa Ulaya wakipumua. Wao huja na maneno matamu: mazingira, nishati safi, haki za binadamu. Mitambo ya Loiyangalani ni mizuri kweli, ukiiona kwa picha unaweza kudhani ni nchi nyingine. Lakini hesabu yake ina mafunzo.

Mitambo ilikuwa imesimama tayari mwaka 2017. Laini ya kilomita 428 ya kuuleta umeme huo Suswa haikuwa tayari, kwa sababu kampuni ya Uhispania iliyopewa kazi, Isolux, ilianguka kifedha. Ikabidi waitwe Wachina kuimalizia, na umeme ukaanza kutiririka Septemba 2018. Huku nyuma, mkataba ulisema serikali ikichelewesha laini, italipa. Tukalipa mabilioni ya shilingi kwa upepo uliovuma ukapita zake bila kuwasha hata balbu moja.

Benki ya Dunia ilikuwa imeona hatari hiyo mapema. Mwaka 2012 ilijiondoa kwenye mradi ikihofia kwamba Kenya italazimika kulipia umeme isioweza kuutumia. Sisi tukaendelea.

Halafu kuna ardhi. Mradi ulipewa ekari 150,000, malisho ya Wasamburu, Waturkana, Warendile na jamii nyingine za hapo. Mwaka 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba hatimiliki za ardhi hiyo zilipatikana kinyume cha sheria. Na mwaka 2023, hisa za baadhi ya wale wawekezaji wa kwanza kutoka Ulaya zikanunuliwa na mfuko unaosimamiwa na BlackRock ya Marekani. Mwenye mtambo amebadilika bila wewe kujua. Bili bado inakuja kwa jina lako.

Adani: tuliamua sisi au tuliamuliwa?

Hii hujaisahau, kwa hivyo nitaenda haraka. Oktoba 2024 shirika la KETRACO lilitia saini mkataba wa miaka 30 na kampuni ya Adani ya India, wa thamani ya dola milioni 736, karibu Sh95 bilioni, wajenge na kuendesha laini za umeme. Chama cha Mawakili kikaenda kortini, na Mahakama Kuu ikausimamisha mwezi huo huo. Serikali ikaendelea kuutetea.

Novemba 20, waendesha mashtaka wa Marekani wakamfungulia Gautam Adani mashtaka kule New York kuhusu hongo ya kandarasi za sola nchini India, mashtaka ambayo kampuni yake imeyakana. Siku iliyofuata, saa chache baada ya Waziri wa Kawi Opiyo Wandayi kuwaambia maseneta kwamba hakukuwa na rushwa kwenye mkataba wetu, Rais akasimama Bungeni na kuufuta, pamoja na ule wa uwanja wa ndege wa JKIA. Alisema ametegemea habari mpya kutoka kwa vyombo vya uchunguzi na mataifa rafiki. Wabunge wakapiga makofi hadi viti vikatetemeka.

Nami nilifurahi, sitakudanganya. Lakini baada ya makofi nilibaki na swali moja. Mawakili walisema, wafanyakazi wa uwanja wa ndege waligoma Septemba, vijana walipiga kelele mtandaoni kwa miezi. Nelson Amenya, Mkenya aliyekuwa akisoma Ufaransa, alikuwa ameanika stakabadhi za mpango wa uwanja wa ndege tangu Julai. Hayo yote hayakutosha. Ikachukua karatasi moja ya New York. Kama sauti ya korti ya nje inasikika Ikulu kuliko ya korti ya Milimani, basi tuna shida kubwa kuliko Adani.

Na usidhani Marekani walitufanyia hisani. Walikuwa wanafuata sheria zao, kwa ajili ya wawekezaji wao. Kesho wakiamua vingine, hutakuwa na la kufanya. Si ulimwona Power Africa? Ni mpango ulioanzishwa na Barack Obama mwaka 2013 wa kuleta umeme barani. Mwaka 2025 USAID ilivunjwa na mpango ukaenda nayo. Hakuna Mwafrika aliyepigiwa simu kuulizwa.

Majirani wanatufunza nini?

Uganda wana hadithi tamu zaidi. Walitaka kiwanda cha kusafisha mafuta yao wenyewe, mapipa 60,000 kwa siku. Mwaka 2015 wakachagua Warusi. Mwaka uliofuata mazungumzo yakafa. Wakachukua muungano wa kampuni za Marekani na Italia. Miaka ikapita, nao muda wao ukaisha. Mwaka 2025 wakatia saini na Alpha MBM ya Milki za Kiarabu. Miaka 10, wachumba watatu, na harusi bado.

Bomba lao la mafuta ghafi ni vivyo hivyo. Mwaka 2016 Uganda ilituacha mataani na kuchagua njia ya Tanzania, kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga. TotalEnergies ya Ufaransa ina asilimia 62, CNOOC ya China asilimia 8, na kampuni za taifa za Uganda na Tanzania asilimia 15 kila moja. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kulikosoa bomba hilo kwa sababu ya mazingira na haki za watu wanaohamishwa. Malalamiko ya watu hao ni ya kweli, sitayapuuza. Ila miezi minne tu kabla ya azimio hilo, Kansela Olaf Scholz wa Ujerumani alikuwa Senegal akizungumzia gesi, kwa sababu vita vya Ukraine vilikuwa vimeilazimu nchi yake kutafuta mbadala wa gesi ya Urusi. Mafuta yako ni dhambi, gesi anayoihitaji yeye ni dharura.

Benki nyingi za Magharibi zilipokataa bomba hilo, pesa zikatafutwa kwingine. Machi 2025 awamu ya kwanza ya mikopo ikatangazwa: Afreximbank, Standard Bank na tawi lake la Uganda, taasisi ya Kiislamu yenye makao Saudi Arabia, na KCB ya Uganda. Ndiyo, KCB hiyo unayoijua. Kwa hivyo ukisikia mtu anasema bila Mzungu au Mchina hakuna pesa, mwambie asome tena.

Mahali mwenyeji alipopona

Nikiishia hapo utasema huyu kijana analalamika tu. Basi turudi Olkaria, kwa sababu pale kuna jambo tulilofanya vizuri.

Wageni walikuja Olkaria kwa zaidi ya miaka 40, mmoja baada ya mwingine, lakini sehemu kubwa ya visima na mitambo ilibaki mikononi mwa KenGen, ambayo serikali inamiliki hisa nyingi. Wahandisi wetu walijifunza kazi. KenGen imewahi kwenda kuchimba visima vya mvuke Ethiopia na Djibouti kwa kandarasi za malipo. Huo ndio mgeni njoo ninaouelewa mimi. Mgeni alikula, akaenda, mwenyeji akabaki na jiko na ujuzi wa kupika.

Hata hapo kulikuwa na kidonda. Mwaka 2014 familia za Wamaasai zilihamishwa kupisha Olkaria IV, wakalalamika kwa Benki ya Dunia na benki ya uwekezaji ya Ulaya hadi ikabidi kuketi kwa upatanishi. Kwa hivyo sisemi ni paradiso. Nasema kuna tofauti kati ya mradi unaokuachia mali na ujuzi, na mradi unaokuachia risiti.

Najua utakachosema

Utaniambia mwombaji hachagui. Kenya haina pesa, na bila hawa watu tutakaa gizani kama usiku ule wa Agosti 25, 2023, nchi nzima ilipozimika hadi JKIA. Ni kweli, laini zetu zimechoka na pesa zinahitajika. Mimi mwenyewe naandika kwa kompyuta ya mkopo kwa chumba kimoja, stima ikipotea kazi yangu imepotea. Siwezi kuwa adui wa stima.

Lakini sisi si waombaji. Mwombaji halipi riba. Mwombaji hasaini mkataba wa miaka 25. Sisi ni wateja, tena wateja wanaong'ang'aniwa, na mteja ana haki ya kuuliza bei kabla ya kufungua mfuko. Dawa ya deni ni kulipa, lakini dawa ya deni baya ni kutolichukua.

Utaniambia pia haya ni mambo ya wasomi. Rafiki yangu, mimi sikumaliza chuo. Nilitoka mwaka wa pili kwa sababu karo ilinishinda, na hakuna somo la mikataba ya umeme nililofundishwa huko. Haya yote nimeyasoma kwa simu, kwa bando za ofa. Waliosaini mikataba hii wana shahada mbili mbili, na bado tulilipia upepo uliopita. Sidhani shida ilikuwa ukosefu wa shahada.

Maswali manne tu

Mradi mwingine wa umeme ukitangazwa, na watatangaza mingi kwa sababu mwaka 2025 Bunge liliondoa marufuku ya kutia saini mikataba mipya ya kununua umeme, usianze kwa kuuliza ni wa nani. Uliza haya.

Kwanza, tusipotumia huo umeme, nani analipa? Pili, tunalipa kwa shilingi au kwa dola, na shilingi ikianguka nani anabeba? Tatu, tukigombana, kesi inasikizwa wapi? Mikataba ya SGR ilipotolewa Novemba 2022 tulikuta mizozo inapelekwa Beijing. Nne, mkataba ukiisha, tunabaki na nini: mtambo unaofanya kazi na watu wanaoujua, au chuma chakavu?

Na una haki ya kupewa majibu. Kipengele cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali, na tangu 2016 kuna sheria inayoeleza namna ya kuziitisha. Ni barua tu, huhitaji wakili. Mikataba ya SGR haikutoka kwa hisani: wanaharakati wawili, Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo, walienda Mahakama Kuu ya Mombasa, na mwaka 2022 ikawapa ushindi. Watu wa Lamu walishinda kwa sababu walionyesha kwamba hawakushirikishwa ipasavyo. EPRA ikitaka kubadilisha bei za umeme huitisha maoni ya umma. Vikao hivyo hujaa wazee wa viwanda na mawakili wao. Sisi huwa tuko TikTok.

Mwaka 2024 tulionyesha kwamba tunaweza kusoma mswada wa fedha kifungu kwa kifungu, tukautafsiri kwa lugha za mama, tukaupeleka hadi kijijini kwa bibi zetu. Wengine walilipa kwa maisha yao. Kusoma mkataba wa umeme hakuwezi kuwa kugumu kuliko hapo.

Kuna mradi mmoja ambao bado haujachelewa. Serikali inataka kinu cha nyuklia cha megawati 1,000 kianze kazi mwaka 2034. Wakazi wa Uyombo, Kilifi, walikikataa na kuandamana mwaka 2024, na sasa macho yamehamia Siaya, kando ya Ziwa Victoria. China, Urusi, Korea na Marekani zote zinataka kukijenga, na kila mmoja atakuja na zawadi, ziara na picha za kupeana mikono. Wewe usiangalie bendera iliyo nyuma ya picha. Itisha karatasi.

Kwa sababu hesabu ni hii. Kama leo una miaka 24, mkataba wa miaka 25 ukitiwa saini mwaka huu utaisha ukiwa na 49. Waliosaini watakuwa wamestaafu zamani, na balozi aliyepiga makofi atakuwa kwao akilea wajukuu. Wewe ndiye utakuwa bado unaingiza zile nambari 20 kwenye mita.